Sakafu Kavu

Mara ya nne sasa, na hesabu bado inaleta siku kumi na moja.

Mhandisi aliweka kalamu chini. Hakulia. Tangu wamzike baba yake alikuwa kama mtu aliyepigwa ganzi: anakula bila kuonja, anaitikia pole za watu bila kuzisikia.

Alitaka jibu moja tu, kwamba lile bomba la maji ya moto lililomuua baba lilipasuka ghafla, bila dalili. Tume ya kiwanda ilishaandika kuwa mkaguzi alizembea, na mkaguzi mwenyewe ndiye marehemu. Miaka ishirini na sita kazini, leo jina lake linatafunwa hadi msibani.

Lakini chuma kile si kioo, bwana. Hakivunjiki kwa kushtukiza, kinavutika kwanza. Ufa ulianzia juu juu, mwembamba kama unywele, ukachimba kidogo kidogo mpaka ukatokea upande wa pili. Hapo maji yakaanza kudondoka, siku kumi na moja nzima kabla bomba halijachanika.

"Kwa hiyo lilivuja," alisema mama. Alikuwa amekaa mkabala naye, bado na koti la usafi la kiwanda hicho hicho. Wafagizi walipewa siku tatu tu za kufiwa, naye ndiyo kwanza ametoka zamu.

"Lilivuja, mama. Kila asubuhi pale chini pangekuwa na kidimbwi, ukubwa wa sahani hivi. Hata mgeni angekiona."

"Baba yako hakuwa mtu wa kutegea kazi."

"Najua." Akamsogezea daftari la ukaguzi. Mwandiko wa baba, kila siku saa mbili kamili: sakafu kavu, sakafu kavu, mara kumi na moja. "Ama hakufika pale, ama aliandika uongo. Sina pa kumtetea tena."

Alilisema hilo kama anayesoma risiti. Alijishangaa mwenyewe, kisha hata mshangao ukamtoka.

Mama alipitisha kidole kwenye mistari ile, mmoja mmoja. "Na hayo maji," akauliza taratibu, "yangekuwa na wekundu wa kutu?"

"Ndiyo. Nani kakwambia?"

Mama akalifunga daftari.

"Nilikuwa napakausha kabla hajafika," akasema. "Goti lake lile bovu, nilihofia atateleza."