Kopo la Majani

Siku ile mjinga alikuwa Mbwilo, na mwenyewe hakatai. Alipika mafuta ya kukinga jua, makopo mawili: moja lenye maji ya majani ya mpera, jingine mafuta matupu ya kulinganishia. Akayafunika huku masikio yote yako kwenye mpira redioni. Asubuhi akampa shemeji yake Tunsume, mwenye ualbino, kopo lililoandikwa MAJANI kifunikoni, aende nalo kupalilia karanga.

Saa sita mchana akakumbuka: vifuniko alivibandika bila kutazama! Akatimka kichwa wazi hadi shambani, akamshika Tunsume mkono, akaugeuza huku na huku. Hata doa jekundu hakuna. Akaketi juu ya tuta, akicheka peke yake.

“Lile ulilonipa halikunuka majani,” Tunsume alisema. “Nikarudi nikachukua la pili.”

“Bila kuniuliza? Dawa haipimwi kwa pua, shemeji! Mtaalamu hapa nani?”

“Mtaalamu ni wewe, ngozi ni yangu. Haya, inama nikupake, huo upara umeshaiva.”