Mkanda wa Panyabuku

Zamani, wala si zamani sana, Korongo, ndege wa kwenda ng'ambo na kurudi, aliwaletea wanyama mashine ya kusaga mahindi. Wakakata utepe, wakapiga makofi, wakaiwasha. Siku ya tatu mkanda ukakatika.

"Msiuguse," alisema Korongo. "Mikanda hutengenezwa ng'ambo. Nitarudi na mwingine masika yajayo." Akapaa.

Njaa haingoji masika. Panyabuku, fundi asiyemaliza hata darasa la kwanza, alichana mpira wa tairi bovu, akaushona, akaufunga. Mashine ikasaga mwaka mzima.

Korongo aliporudi mikono mitupu, aliupima mpira ule, akaupiga picha, akapaa. Masika yaliyofuata alileta mikanda ya mpira ndani ya maboksi yanayong'aa, pamoja na semina ya siku tatu kuhusu matumizi yake.

"Mzee Korongo, mbona huu ni ule wangu?" aliuliza Panyabuku.

"Maswali mwishoni, ndugu mshiriki."

Mwishoni zikaja soda na picha ya pamoja. Panyabuku akakabidhiwa cheti cha kuhudhuria.

"Usikate tamaa," Korongo alimwambia. "Ukijitahidi, utauelewa."