Kiatu cha Kushoto

Flashi ambayo Nereida, mpiga picha wa sherehe, aliitega juu ya spika, nyuma ya kiti cha msichana, iligoma kuwaka.

"Dada, hicho kimwanga cha kamera yako hata sisimizi hakimshtui!" mjomba wa msichana akatania. Ukumbi ukacheka.

Nereida hakubabaika. Kazi ya kimwanga ilikuwa kuikonyeza ile flashi, nayo haiwaki isipokiona. Aliyeziba njia ni mjomba mwenyewe, amesimama mbele ya spika kama nguzo, kofia kichwani.

Kwa miaka kumi na mmoja, mjomba huyo ndiye aliyemlea msichana. Baba, aliyerudi juzi tu kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuwa amepiga magoti kumvisha bintiye viatu vyake vya kwanza vya visigino virefu, kama ilivyo desturi yao binti anapotimiza miaka kumi na mitano.

Nereida angeweza kumwambia asogee tu.

"Mjomba, umeniziba. Piga magoti hapo kando ya baba yake."

"Mimi? Hapo?"

"Hapo hapo. Na kofia vua."

Mjomba akashuka taratibu, goti likilia. Baba akamtazama. Kisha akamsogezea kiatu cha kushoto.

Kimwanga kikakonyeza, na safari hii flashi ikaona.