Albamu Mpya ya Nyundo Saba

Albamu mpya ya Nyundo Saba ilitoka Jumamosi, na Mwakisu akaisikia kwa mara ya kwanza jikoni kwake, kwenye simu ya mkewe. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi hiyo ya metali, muziki wa magitaa makali unaoimbwa kwa kunguruma, mpaka walipomwondoa na kumweka mwimbaji mwenye koo changa.

Aliomba iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Magitaa yalikuwa safi kama masufuria yaliyosuguliwa kwa majivu, ngoma hazikukosa hata pigo moja, na yule mwimbaji alinguruma vilevile alivyonguruma yeye, kwa pumzi zilezile, isipokuwa sauti yake haikukwaruza popote.

"Hakuna jipya hapo," alisema. "Ni nyimbo zetu za zamani, wamezipiga pasi tu."

"Ndiyo maana nazipenda," alijibu Sikudhani, mkewe, akikata vitunguu huku akitikisa kichwa. "Nazijua kabla hazijaanza."

Enzi za Mwakisu, Sikudhani alikuwa akitia pamba masikioni. Sasa alifuta kidole kwenye kanga, akaurudisha wimbo wa tatu mwanzo.

Mwakisu alitoka kwenda uani. Alivuta pumzi mpaka mbavu zikamuuma, akanguruma kwa nguvu zake zote. Sauti ilipasuka katikati, ikaishia kama kikohozi cha mbuzi. Kuku walitawanyika. Jirani aliuliza ni nani kaumia.

Ndani, muziki ukazimwa. Sikudhani akatokea mlangoni, kisu mkononi, mashavu yamelowa machozi ya vitunguu.

"Hebu rudia," alisema. "Hiyo sikuijua kabla haijaanza."