Kisu cha Profesa Tarcísio

"Umekuja kutuonyesha picha ya hewa, binti?" Profesa Tarcísio aliuliza, na madaktari wote kikaoni wakacheka.

Kwenye skrini ulionekana mwisho wa utumbo mpana wa Dona Zulmira, mshonaji wa mavazi ya kanivali. Kabla ya mionzi na dawa, pale palikuwa na uvimbe wa saratani mkubwa kama limau. Sasa kamera ilionyesha kovu jeupe tu.

"Uvimbe umeisha," alisema Iolanda, daktari mpasuaji kijana kuliko wote pale. "Utafiti unaturuhusu kusubiri. Tumchungulie kila baada ya miezi michache. Tukimkata, atabeba mfuko wa choo tumboni maisha yake yote."

"Utafiti." Profesa alilitamka neno hilo kama anayetema mbegu ya chungwa. "Siku hizi São Paulo tuna madaktari wa kuchungulia. Wanasomea upasuaji mpaka mvi, kumbe wanaogopa damu."

Wakacheka tena. Profesa akamega mkate wake wa jibini, akatafuna bila haraka.

"Nitajie daktari mmoja," akasema, "mmoja tu anayeijua saratani, ambaye angekubali kukaa hivyo na mwili wake mwenyewe, anasubiri."

Iolanda alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Basi. Alhamisi namkata."

Akamkata. Dona Zulmira aliamka na mfuko tumboni. Aliuliza kama ataweza tena kuvaa gauni la kubana siku ya gwaride la kanivali. Muuguzi akajifanya anarekebisha shuka.

Wiki iliyofuata majibu ya maabara yalitoka. Katika nyama yote iliyokatwa haikuonekana hata chembe moja ya saratani.

"Mnaona?" Profesa aliwaambia wanafunzi wake wodini, mbele ya kitanda cha mama huyo. "Hii ndiyo inaitwa kazi safi."

Dona Zulmira aliushika mkono wa Profesa, akaubusu huku akilia. Profesa akamwachia aubusu. Iolanda, aliyesimama nyuma ya wanafunzi, akatoka nje.

Jioni hiyo Iolanda alikuwa anajiandaa kufunga chumba cha uchunguzi Profesa alipoingia kwa mlango wa nyuma, hana koti jeupe wala kicheko. Hakusalimia. Aligeuza ufunguo, akavuta pazia. Akavua suruali, akaikunja vizuri juu ya kiti, akapanda kitandani na kulala kwa ubavu wa kushoto bila kuelekezwa.

"Chungulia taratibu, binti," alisema, uso umeelekea ukutani. "Huu mwaka wa tatu bila kisu. Niambie bado ni kovu tu."