Mbuzi wa Kuua Kesi

"Ukikamata kamba, mutoto yangu, kesi inaisha," alisema baba wa kijana aliyemkata Nsimire mkono kwa panga. Akamsogezea mbuzi. Ndivyo familia zinavyopatana: mbuzi akipokelewa na kulala hai usiku huo kwa aliyekosewa, hakuna tena tribinali, yaani mahakama.

Nsimire alimtazama baba yake mwenyewe. Baba akainamisha macho.

Basi akaishika kamba. Wazee wa familia zote mbili wakapiga makofi.

Kabla hawajamaliza, alikuwa ameshambwaga mbuzi chini, akamkandamiza kwa goti, akachomoa kisu kiunoni na kumchinja kwa mkono uliobaki. Damu ikaruka mpaka kwenye suruali ya yule baba aliyeleta mbuzi.

"Papa, rudisha nyama kwako," alimwambia akihema. "Mutoto yako atajibu mbele ya juge wa tribinali. Aseme mukono yangu aliitupaka wapi."