Jaluba la Mwisho

Bi Mwanakhamis aliung'oa mpunga wake kwa mikono yake mwenyewe, shina baada ya shina, nao ungali kijani na umeanza kuchanua.

"Usibakishe, dada," alihimiza Ahmada, nduguye, akiutupa kichakani. "Tuta la mawe la kuzuia bahari watajengewa walioharibikiwa. Wageni wakiona mpunga, watasema hawa wanashiba."

Jaluba hilo, kipande kimoja cha shamba la mpunga, ndilo pekee lililosalimika katika bonde lake lote pale Pujini. Mengine yalikwisha kuuawa na maji ya chumvi, yaliyopanda kila bahari ilipojaa bamvua. Bila tuta, nalo lisingemaliza mwaka, na wajukuu wanne walilitegemea. Miaka thelathini alisomesha watoto Kurani chuoni. Hakuwahi kumsamehe mtoto aliyesema uongo.

Kabla ya adhuhuri wageni waliwasili: wajumbe wa nchi nne zilizotiliana saini, huko Chake Chake, mkataba mmoja wa kilimo cha pwani na bahari inayopanda. Waliongozwa na Bi Widad, afisa kijana, aliyemwamkia Bi Mwanakhamis kwa adabu.

"Bi Mkubwa, hakuna hata kona moja inayotoa mpunga?"

"Hakuna, mwanangu. Bonde lote limekufa."

"Tafadhali, fikiri tena. Hata jaluba moja?"

"Jaluba lipi tena?" alidakia Ahmada. "Sisi mchele wetu siku hizi ni wa dukani, mwanangu. Hata kuku wamehama!"

Wajumbe walicheka. Bi Widad hakucheka. Alishika kalamu kitambo, akamtazama yule mama, kisha akaandika.

"Umemwona?" Ahmada alinong'ona walipoondoka. "Nusura alie. Tuta letu hilo!"

Mwezi uliofuata sheha alileta habari: bonde la Bi Mwanakhamis limechaguliwa. Mwenyewe alisujudu palepale. Kisha akafunga siku tatu, akiomba Mola amsamehe uongo wake mmoja.

Siku ya nne lori liliteremka hadi ukingoni mwa bonde. Bi Mwanakhamis alitangulia mbio kama msichana, akachungulia nyuma. Aliona miche tu, mamia kwa mamia, ndani ya vifuko vya tope.

"Mawe yako wapi, baba?"

"Mawe ni ya mabonde yaliyo hai, Bi Mkubwa," alijibu dereva, akifungua mlango wa nyuma. "Yaliyokufa, nchi zote nne zimekubaliana yaachiwe bahari. Hii ni mikoko."